Sketi Iliyotoka Pembeni

Juzi sokoni Sake, nikiwa kwa mama fundi nikingoja suruali yangu ifupishwe, akaingia mama mmoja kutoka Kibabi na binti yake. Mkononi alishika kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, kilichochakaa.

"Mama fundi, kesho mutoto anaanza kuimba ku kanisa, na hana jupe ya kuvaa. Iko hii tu ya kumushonea. Ukikosea, hatuna ingine."

Fundi hakugusa mita. Alikiinua kitambaa juani, akapitisha kidole katikati, pale mwanga ulipopenya kama kwenye chujio.

"Ulibebea humu batoto."

Mama akashika mdomo. "Bane! Huyu njo wa mwisho. Nani alikuambia?"

"Kikwembe."

Nikasahau hata simu yangu. Makasi yakazunguka ile sehemu iliyokwisha, pande mbili za pembeni zilizobaki nzima zikaunganishwa, lastiki ikapita kiunoni, na binti akawa anajizungusha ndani ya sketi mpya. Miaka yote niliyokaa darasani, sijawahi kusoma kitu vizuri kama fundi alivyokisoma kikwembe kile.

Binti akaokota kipande cha katikati. "Na hii, mama fundi, haina kazi?"

Fundi hakuinua macho.

"Hiyo ulishaimaliza weye, ku mugongo ya mama yako."