Kompyuta Iliyojibu Posa ya Mdogo Wangu

Jamani, leo kompyuta yangu imejibu posa isiyoihusu.

Ni ile ya sebuleni niliyoiunga na TV tuangalie filamu. Wiki nzima inanisumbua. Kila nikiilaza, inaamka yenyewe. Nimebadilisha setingi zote, wapi!

Leo wageni wametoka Ziwani kumposa mdogo wangu, Somoe. Nikailaza filamu ikiwa katikati. Kuizima kabisa sikukumbuka.

Mama naye mnamjua kwa vitambaa vyake vya kufuma. Wageni wakija lazima avitandaze, na kwa posa hii kaanza wiki nzima kabla. Kafunika TV, kafunika spika, kafunika mpaka mausi!

Baba mdogo akamwita Somoe mbele ya wageni.

"Mwanangu, barua hii ya posa tuipokee?"

Somoe kainama.

Mama akawaonea wageni huruma na lile joto, akawasha feni.

Kitambaa kikapepea, kikavuta mausi. Kompyuta ikaamka, filamu ikaendelea pale pale, sauti juu:

"SIMTAKI! Nimesema simtaki!"

Nilivyoruka kuizima, karibu nimwage kahawa ya watu. Mshenga katoa macho. Mungu saidia, baba mdogo akacheka, wote wakacheka. Somoe akaitikia kwa kichwa, barua ikapokelewa.

Nimeondoa kitambaa juu ya mausi. Mashine imelala fofofo. Nikashusha pumzi.

Sasa hivi Somoe kanifuata jikoni, kafunga mlango.

"Dada, ulikimbilia nini kuizima?"

Wageni bado wako sebuleni wanakula pilau. Niseme, au ninyamaze?