Anayepanga Njia za Dolpo Akiwa Shinyalu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Erastus Shikanga ni buti zake. Alikuwa nyuma ya nyumba ya baba yake akianika shuka kwenye waya. Jua lilikuwa kali na ardhi imekauka, lakini yeye alivaa buti nene za kupandia milima, zimefungwa kamba hadi juu ya kifundo cha mguu. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mjini Kakamega, nikapata kazi ya kufundisha Shinyalu na kupanga chumba kwa jirani yake, Mama Maximilla. Nilimwuliza mama huyo kama kijana yule ni askari. Alicheka sana. Akasema ni mtu wa kompyuta, na zile buti anazilainisha kwa ajili ya safari ambayo yeye mwenyewe hajui kama ataiendea.

Erastus ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ni kupanga safari za miguu katika milima ya Himalaya, hasa pande za Dolpo huko Nepal, ambako barabara hukoma na wageni hutembea siku nyingi wakifuatwa na nyumbu waliobeba mahema, unga na mafuta ya taa. Kampuni iko Kathmandu. Yeye ndiye anayeamua kundi lilale wapi, wapishi watangulie kijiji gani, na mgeni akizidiwa ateremshwe kwa njia ipi. Hayo yote huyafanya mezani, katika chumba kinachopakana na cha baba yake, mlango ukiwa wazi ili asikie akiitwa.

Zamani alikuwa akiwaongoza wageni katika msitu wa Kakamega. Mmoja wa wageni hao ndiye mwenye kampuni ya Kathmandu. Alipenda jinsi Erastus alivyopanga mwendo, watu wakipumzika penye kivuli na chai ikitoka kabla hawajaiulizia. Akamwomba awe anampangia safari kwa njia ya mtandao, na baadaye aende kuiona milima yenyewe. Mwaka uo huo baba yake, Mzee Shikanga, ambaye mkewe alikwisha kufariki, akapatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea wote, na maneno yakambakia machache.

Ukoo ulikutana, na mkutano haukuchukua muda. Erastus ni kitinda mimba, na huku mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Isitoshe, kaka yake Mukhwana, fundi wa lifti jijini Nairobi, alikuwa na hoja iliyomaliza mazungumzo.

"Wewe kazi yako si iko ndani ya kompyuta?" alisema. "Nyumbani uko tu."

Ndivyo Erastus alivyofungwa. Aliniambia kwamba kama angekuwa dereva wa lori, wangekaa chini wamtafutie mzee mtu wa kumwangalia. Kazi iliyompa Himalaya nzima ndiyo iliyomnyima hata ule msitu aliokuwa akiingia kila asubuhi. Mzee lazima ageuzwe, anyweshwe uji, aogeshwe. Erastus akienda sokoni hurudi mbio. Anaweza kukueleza ni daraja gani la Dolpo lenye mbao zilizolegea, lakini hakujua, mpaka nilipomwambia, kwamba kule sokoni Shinyalu kumefunguliwa duka jipya la dawa.

Mwaka jana alifanya kosa. Katika milima ile mtu akifika juu, penye hewa nyembamba, ni lazima apumzike siku nzima kabla ya kupanda zaidi, ili mwili uzoee. Kundi moja la wageni lilifika kwenye kijiji cha juu siku ya Jumatano, na mpango wa Erastus ukawaambia waendelee Alhamisi. Mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ubelgiji alishikwa na maumivu ya kichwa na kutapika, akateremshwa amelala juu ya nyumbu. Alipona. Lakini kiongozi wa kundi, mzee wa milimani aitwaye Ngawang, alirudi akaipitia mipango yote ya msimu, kisha akapiga simu.

"Ndugu yangu," akasema, "nimeona kila kundi lako linapumzika Jumapili. Milima ya huko kwenu huenda kanisani?"

Erastus alitazama akaona ni kweli. Alilelewa katika nyumba ambayo siku ya Jumapili hata jembe haliguswi, na mkono wake ulikuwa umeweka mapumziko Jumapili bila yeye kuliwazia jambo hilo hata mara moja. Ngawang alicheka mpaka akakohoa. Alipomaliza kucheka alimwambia maneno ambayo Erastus hunisimulia mara kwa mara: "Njoo utembee. Miguu yako ndiyo itakufundisha siku ya kupumzika."

Mwenye kampuni aliafiki. Mwezi wa Oktoba Erastus atembee na kundi moja tangu mwanzo hadi mwisho, na tiketi akatumiwa. Asipokwenda, njia za juu zitapewa mtu mwingine, naye atabakishiwa kujibu maswali ya wageni.

Mukhwana alipoelezwa alisema jambo hilo ni jepesi, atamtuma mkewe. Mama Maximilla alipozisikia habari hizo aliliweka chini karai lake la mboga.

"Mkamwana amwogeshe baba mkwe?" akauliza. "Mukhwana amekaa Nairobi mpaka amesahau mlango wa boma lao uko upande gani. Kitinda mimba huwanga ndiye wa mzee. Na kama si yeye, basi ni mtoto mwingine wa kiume. Si mke wa mtu."

Mke mwenyewe, Kemunto, alimpigia Erastus simu jioni ile. Ni mwanamke mpole, naye aliongea kwa heshima.

"Shemeji, nitapika, nitafua, hata ng'ombe nitakamua. Lakini chumba cha baba siingii. Hata kwetu Kisii hakuna kitu kama hicho."

Erastus hakumlaumu. Alimtafuta kijana wa kuajiri, akamleta nyumbani na kumwelekeza. Mzee alipoguswa na mikono ya mgeni aliuma meno, akaishika fremu ya kitanda kwa mkono wake mzima, wala hakuiachia mpaka kijana yule alipotoka nje. Baada ya siku hiyo Erastus aliacha kuzungumzia Oktoba. Nilimwona akimpangia mtu mwingine kitanda katika hema ambalo lilikuwa liwe lake.

Wiki iliyopita Mukhwana alipiga simu kuuliza kama ndugu yake amekwisha kuwaambia watu wa Kathmandu kwamba haendi. Erastus alikuwa anamlisha mzee, mikono ina uji, kwa hiyo alifungua spika na kuiweka simu juu ya mto wa kitanda. Alikuwa anaanza kujibu wakati mzee alipokisukuma kijiko pembeni.

"Mukhwana," mzee alisema. Akapumua. "Njoo. Uniogeshe wewe."

Mukhwana akasema taratibu kwamba yeye hajui kumwogesha mtu.

"Hata mimi sikujua, kaka," Erastus alijibu.

Mukhwana aliomba likizo. Alisema atafika leo, Alhamisi. Kesho alfajiri Erastus anatakiwa awe njiani kuelekea uwanja wa ndege wa Kisumu, na amekataa katakata kuondoka kabla hajamwona kaka yake akimwogesha baba kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya macho yake, japo mara moja.

Tangu asubuhi hajamwogesha mzee. Amemweka kwenye kiti, amemfunika shuka, uso wake ukielekea mlangoni. Maji yako mekoni. Mama Maximilla ameleta ingokho, kuku mzima, akisema mtu wa Nairobi hawezi kuanza kazi kama hiyo na njaa. Mchana Mukhwana alipiga simu akiwa Nakuru, na baada ya hapo simu yake haipatikani.

Sasa mvua inanyesha. Pikipiki mbili zimepita bila kupunguza mwendo, zikielekea kwenye mashamba ya chai. Ya tatu inasikika ikipanda kutoka mtoni, injini ikilia kama iliyobeba mtu na mzigo. Erastus ametoka hadi langoni bila mwavuli, anaisubiri ifike penye kona.