Ng'ombe wa Mwende

Siku ile sijaisahau, mwanangu, na wewe unayeanza kufundisha sanaa wiki ijayo afadhali uisikie kutoka kwangu mwenyewe. Nilikuwa mwalimu mpya hapa Matinyani, na cheti kilikuwa kimenipanda kichwani. Niliwaambia watoto wa darasa la nne wachore nyumbani kwao, kisha nikabandika michoro ukutani tuichambue. Kuchambua, kwa akili yangu ya wakati huo, kulikuwa ni kutafuta makosa.

Ikafika zamu ya Mwende, mtoto mpole. Alikuwa amechora watu wanne wamemwinamia ng'ombe asiye na miguu.

"Hapa kuna kosa gani?" nikauliza.

"Mwalimu, hii ng'ombe haina miguu!" darasa likapiga kelele. "Ni kama gunia!"

Nikacheka nao. Ndiyo, nilicheka. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikamchorea ng'ombe miguu minne, juu ya kazi ya mtoto.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Aliutazama ule mchoro, akaniita nje.

"Nyinyi wa milimani Kilungu hamjui kiangazi," aliniambia. "Huku ng'ombe akilala na njaa, hawezi kuamka. Majirani wanakuja asubuhi kumwinua. Miguu amekunja chini ya tumbo, basi. Huyo wa kina Mwende walimwinua siku tatu, jana akakufa. Wewe ulimuuliza mtoto ameona nini?"

Sikuwa nimemuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami nilikuwa nimekitolea hukumu.

Nilimwomba Mwende msamaha mbele ya wenzake. "Ni sawa, mwalimu," akasema, macho chini. Lakini mpaka anamaliza shule alichora nyumba tu, kwa rula, bila mtu wala mnyama. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi nakuusia. Mchoro ukiwa ukutani, watoto waseme kwanza wanachokiona, si kinachokosekana. Kisha muulize mwenye kazi alitaka tuone nini, na umngoje hata akikawia. Mazuri na mabaya yaje baadaye, na mkono wako usiguse karatasi yake.

Nenda salama. Mungu akupe sikio lililo jepesi kuliko ulimi, na asiwepo mtoto atakayejifunza kwako kuficha alichokiona.