Neno Lililotoka Bila Shida

Nilipokuwa kidato cha nne, Newala, nilikuwa na kigugumizi kibaya, na herufi M ndiyo iliyonitesa zaidi. Siku moja mwalimu wetu wa darasa alituuliza, mmoja mmoja, tunataka kufanya kazi gani. Mimi nilitaka kuwa mwalimu kama yeye. Nikasimama, midomo ikabana, neno likagoma. Wavulana wa nyuma wakaanza kucheka.

"Sema tu, usiogope," akaniambia.

"Fundi," nikasema, kwa sababu neno hilo lilitoka bila shida. Akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mwenzangu.

Hakuna aliyenikataza kusomea ualimu. Nilijikataza mwenyewe. Nilijiona nimekwama mbele ya ubao, darasa zima linacheka, na hiyo ilitosha. Nikaenda Masasi kusomea ufundi wa mitambo, kisha nikapata kazi bondeni, kwenye mashine zinazosukuma maji kuyapandisha Newala. Zikiwaka, humsikii mtu hata akikupigia kelele sikioni. Nilishukuru. Nilipika peke yangu, nikala peke yangu, na siku nyingine jua lilizama sijatamka neno. Mama alipopiga simu kutoka Chilangala, yeye ndiye aliyeongea. Mimi niliguna tu.

Mwaka jana wanafunzi walikuja na mwalimu wao kutazama mitambo. Mkuu wangu alikuwa amesafiri, kwa hiyo nikazima mashine na kuwapokea mwenyewe.

"Shikamoo," msichana mmoja akasema. "Maji yanawezaje kupanda mlima wote ule?"

Nilikwama kwenye marahaba. Nikaangalia chini, nikingoja kicheko. Kilipochelewa nikainua macho. Walikuwa wamenyamaza, kalamu mkononi, wananisubiri. Basi nikawaeleza yote, pampu, mabomba, tangi la juu, nikikwama na kuendelea. Msichana yule akauliza tena, na tena.

"Umewaelewesha vizuri," mwalimu wao akaniambia wakati wa kuondoka. "Uliwahi kufundisha?"

"Hapana."

Gari lao likapanda mlima. Nilikaa kwenye ngazi ya chumba cha mitambo muda mrefu, kukiwa kimya, kabla sijawasha tena.

Bado nafanya kazi pale pale. Nadhani umri wa kuingia chuo cha ualimu umeshanipita. Sijamuuliza mtu.