Mitungi ya Bertila kwenye Njia ya Wapagazi

Bertila alikuwa mfinyanzi, mjane wa makamo, na kijiji chake kilikuwa mwendo wa nusu siku kutoka stesheni ya Tura. Kila kiangazi wachuuzi walitoka Tabora mjini kuja kununua mitungi yake. Tangu mumewe afariki, udongo ndio uliomlisha na kumvisha.

Kiangazi cha mwaka 1934, akisali rozari peke yake katika kanisa dogo la kigango, alisikia moyoni maneno yaliyonyooka, kana kwamba mtu ameketi ubavuni mwake: Mitungi ya mwaka huu usiiuze. Ijaze maji, uipange kwenye njia ya wapagazi.

Alishangaa. Njia ile ilikwisha kufa. Baba yake aliipita enzi za misafara, pembe ya ndovu begani, lakini reli ilipofika watu waliiacha, nyasi zikaimeza. Siku hizo waliopita ni ngiri na nyani.

Akamwendea katekista Hilari.

"Mwalimu, Mungu anaweza kumwagiza mtu jambo lisilo na maana?"

Hilari alimsikiliza mpaka mwisho. "Jambo hilo litamdhuru mtu?"

"Labda mimi na shingo yangu."

"Basi, mama, sina la kukukataza. Maana yake anaijua aliyekutuma."

Bertila akaipanga mitungi kumi na miwili kwenye vivuli vya miombo, akaifunika na kuweka mawe juu ya vifuniko. Kisima kilikuwa mbali, naye alikwenda na kurudi mara nne kwa siku. Jua lilinywa, yeye akajaza. Wachuuzi wa Tabora walikuja, wakarudi mikono mitupu.

Shilinde, mdogo wa marehemu mumewe, alimfuata huko huko njiani. "Shemeji, kijiji kizima kinatucheka. Unawanywesha mashetani?"

"Sijui ninamnywesha nani. Nimeambiwa nijaze."

"Na wewe utakula nini?"

"Mihogo ipo."

Akala mihogo Agosti yote, akala Septemba. Siku moja alitua mtungi katikati ya njia, akaketi akalia. "Bwana, nimechoka," alisema, "na sijaona hata mtu mmoja." Alijifuta machozi, akajitwika tena.

Katikati ya Oktoba, jua likiwa utosini, aliukuta mtungi wa kwanza mtupu, kifuniko kimewekwa vizuri pembeni. Wa pili mtupu. Vumbini kulijaa nyayo, nyingine ndogo kama kiganja. Akaongeza mwendo, na kwenye mtungi wa tano akawaona: watu karibu mia mbili wamejilaza vivulini, na mwanamume mmoja akiwagawia maji kwa kibuyu, watoto kwanza.

Mwanamume huyo aliitwa Yoramu, mzee wa kanisa la Moravian. Yeye na wenzake walikuwa wamehamishwa na serikali kutoka pori la mbung'o kwa ajili ya ugonjwa wa malale, wakielekea makazi mapya. Kijito walichokitegemea walikikuta kimekauka, na tangu hapo walikuwa wametembea siku mbili bila maji.

"Shikamoo, mama," alisema Yoramu. "Mitungi hii ni ya nani?"

"Marahaba. Ni yangu."

"Ulijuaje kwamba tunakuja?"

"Sikujua."

Yoramu aliketi vumbini, kibuyu mkononi. "Leo asubuhi," alisema, "wazee wetu wanne walikwisha kuagana na wajukuu wao." Kisha akainuka, akaendelea kugawa maji.

Bertila alikimbia kijijini kama msichana. Akasimulia aliyoyaona. Shilinde alijitwika mtungi mkubwa kuliko yote nyumbani, akatangulia. Kijiji kizima kikamfuata. Hakufa hata mmoja, si mzee wala mtoto mchanga.

Jioni wageni waliingia kijijini wakiimba nyimbo zao za Kimoravian, na Wakatoliki wakawapokea kwa zao. Ngoma zikapigwa, vigelegele vikapasua anga, Bertila akiwa amebebwa mabegani. Shilinde alinyanyua mkono, watu wakanyamaza.

"Nilisema shemeji yangu ananywesha mashetani," alisema. "Mbele yenu nyote, nilikosea."

Wageni wakajenga makazi yao upande wa pili wa mbuga. Mvua zilipoanza walirudi na majembe, wakalilima shamba la Bertila kwa siku mbili, wakiimba kutwa. Mwaka ule alivuna mtama mwingi kuliko mtu yeyote pale kijijini, na Shilinde ndiye aliyemjengea ghala.