Mgeni Aliyekataa Ndizi Zangu

Walipokuja wale wazungu wa usharika rafiki, sisi wa Kaisho tuligawiwa wageni kama tunavyogawiwa miche ya kahawa. Mzee wa kanisa akasimama, kifua mbele: "Wapendwa katika Bwana, kila kaya na wageni wake, na chooni pawe na maji!" Kwake mwenyewe hakupeleka hata mmoja.

Mimi nikapewa wanawake wawili. Mmoja ndiye kiongozi wao, mrefu, mwenye soksi za kupanda mlima na Kiswahili alichojifunza ndani ya ndege. Mwingine mama mnene mnene, nywele nyeusi, ngozi kama chai ya maziwa, sketi inafagia vumbi, hereni zinalia akigeuka. Huyo nilimpenda kabla hajafungua mdomo.

Kiongozi yeye hakumpenda. Alimvuta pembeni mke wa mwanangu, ambaye ni mwalimu na ndiye mkalimani wetu. Akarudi kwangu na ile sauti yake ya darasani: "Mama, nisikilize vizuri. Yule mwenye hereni ni Mroma, si wa kanisa la Roma, ni kabila la huko kwao. Kiongozi anasema ufunge kabati. Waroma ni watu wa kuhamahama, wachafu, na wana mikono mirefu."

"Kabatini kwangu kuna nini? Kitenge cha misibani na kipande cha sabuni. Achague."

"Mama, mimi natafsiri tu."

Jioni tukaivisha ndizi na maharage, nikaweka na samli. Kiongozi alikula kama katoka kupalilia ekari nzima. "Tamu sana, bibi! Tamu mno sana!" Yule wa hereni akatabasamu, akashika tumbo, akasogeza sahani kando.

Sasa nyie mnajua. Kwetu mgeni akikataa chakula hasemi kashiba, anasema umemtilia kitu. Nikafanya kama mama yangu alivyofanya na kila mgeni: nikachota kwenye sahani yake, nikatafuna mbele yake, nikameza, nikampanulia mdomo aone hamna kitu. Loo! Ndiyo kwanza akageuza uso. Alikula kahawa za kutafuna, alizochota mwenyewe kwenye kikapu, na ndizi mbivu aliyoimenya kwa mkono wake. Basi.

Asubuhi jirani yangu kaja kuomba chumvi. Huyu anaongea kwa puani, kama mbuzi mwenye mafua: "Shikamoo mama. Eti mgeni wako kafunga? Kumbe wazungu nao wanafunga! Au kaona kitu kwenye chungu?" Chumvi yenyewe akaisahau mezani. Alichofuata kashapata.

Nikajua kisimani leo nitatafunwa mimi. Kikongwe, mjane, macho mekundu ya moshi, halafu mgeni kakataa chakula chake: hapo kimebaki nini niitwe mchawi? Mama mmoja wa Songambele walianza naye hivyo hivyo, kwa maneno. Alimalizia kwa kuhama usiku.

Nikamwita mkalimani. "Muulize kaona nini kwenye chungu changu. Usizunguke."

Yule mama akawa mwekundu mpaka shingoni. Akanyoosha kidevu uani. Nikaangalia. Kiongozi wetu kachuchumaa, anafua soksi na chupi zake ndani ya beseni langu la vyombo, huku anaimba pambio. Na jana alifua humo humo, kisha tukaoshea sahani. Sisi wenyewe nguo zetu tunafulia humo, hatujawahi kufa.

Kisha akaeleza, mwalimu akatafsiri, safari hii bila sauti ya darasani. Eti kwao Waroma, nguo ya chini ya kiuno haiingii kwenye chombo cha kulia. Beseni lililoona chupi halitaona sahani tena, ni la kutupa. Na sahani aliyotia mkono mtu mwingine, wala haiguswi. "Chakula chako kinanukia, mama. Nilishindwa kusema, nisikuaibishe."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchafu ndiye huyu? Halafu nikamwambia, hilo kwetu tunaliita muziro, mwiko wa kuzaliwa nao. Mama yangu alikamata senene maisha yake yote na hakuonja hata mguu, kwa sababu alikuwa mwanamke. Tena huo wako afadhali, una akili ndani yake.

Akavuta kigoda, tukamenya ndizi. Akasema watu wake walitoka India zamani sana, hata kijiji hakuna anayekijua. Walikuwa wahunzi, wauza farasi, wapiga muziki, na lugha yao wanayo mpaka leo. Nikamuuliza, mbona mnapenda kuhamahama?

"Mama, tulikuwa tunafukuzwa. Ukifukuzwa kila kijiji, watu wanasema unapenda safari."

Kwenye vita ile kubwa, Wajerumani walichukua ndugu za bibi yake, wakawaua kama walivyowaua Wayahudi. Alisema hivyo na kisu hakikusimama.

Hapa petu nimeona watu waliozaliwa kwenye migomba hii hii wakiambiwa nyie ni wa ng'ambo ya mpaka, nendeni kwenu, wakaondoka, maharage yamekomaa shambani. Aliyeyavuna ni jirani yangu wa puani. Aliyaita neema.

Nikatoa chini ya kitanda beseni jipya nililopewa kwenye harusi ya kitindamimba wangu. Tukasugua sufuria kwa majivu, sahani tukazichemsha, maji akayamimina mwenyewe. Chakula kilipoiva sikumweka ndani. Nilitandika mkeka mbele ya nyumba, pale wapita njia wanapoona hadi meno.

Akala. Akaongeza. Akakwangua sahani, hereni zinalia. Jirani akapita na ndoo tupu, hatua ndogo ndogo, shingo ndefu.

"Njoo uonje, mwenzangu," nikamwita kwa sauti ya kufika kisimani. "Ukianguka, wote watajua ni mimi."

Angefanyaje, na watu wamesimama? Akakaa. Akala sahani mbili, akaomba na ya kufungiwa. Mpaka leo yuko hai, mdomo wake pia.