Mtoto Aliyebebwa na Mtani

Tulihamia Kilwa Masoko wakati biashara huria iliporuhusiwa nchini, kila mwenye miguu akageuka mchuuzi. Baba aliiacha mikorosho yetu huko juu Umakondeni, akapanga chumba karibu na soko, akaanza kuuza mitumba. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akituambia. Mama hakuona mwenyeji gani angepona kwa ujio wetu. Aliogopa jua lile kali, akaogopa bahari, na zaidi ya yote akaogopa watu. Sokoni ilivuma kwamba kuna wageni wanaiba watoto, na mdogo wangu wa kiume ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Mimi niliogopa kwa sababu mama aliogopa.

Siku moja bombani, bibi mmoja jirani, Mmwera, alimwuliza mama kabila lake.

"Mmakonde," mama alijibu, akajitwisha ndoo, tukaondoka haraka. Bibi alitabasamu tu.

Kesho yake baba alikwenda Dar es Salaam kufuata mzigo. Mchana mama alikuwa uani anapika, mdogo wangu yuko mkekani, bibi yule akaingia bila hodi. Alimwinua mtoto, akambeba, akatoka naye.

"Huyu namchukua," alisema, uso ameukaza. "Wamakonde mnajua kulea panya tu. Mkimtaka, leteni jogoo."

Ulikuwa utani. Wamwera na Wamakonde ni watani, na mtani anaweza kukuchukulia chako, ukikomboe, mcheke yaishe. Lakini mama alizoea kuwaona watani kwetu, misibani, kati ya watu anaowajua. Hapa hakumjua hata mmoja. Alipiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa mtoto!"

Sikuwahi kuisikia sauti ya mama ikiwa kubwa namna ile. Vijana walitoka sokoni mbio, wengine na mipini ya majembe, mmoja na jiwe. Bibi alisimama katikati ya njia amemkumbatia mtoto. Alifungua mdomo aeleze, kelele za vijana zikamfunika. Kanga ilimdondoka kichwani, nikaziona mvi zake. Nilijua watamuua mbele yangu, na mdogo wangu yumo mikononi mwake. Nilijikojolea.

Sijui mama aliona nini katika uso ule. Alipenya kati ya vijana, akasimama mbele ya bibi, mikono kiunoni.

"We kizee cha Kimwera," alisema, "njaa imekuzidi mpaka unabeba watoto? Jogoo hupati. Nitakupa panya, kamchemshe."

Mtu mmoja akacheka. "Kumbe watani hawa," alisema, na yule mwenye jiwe akalitupa chini. Wakarudi sokoni wakinung'unika kwamba wamesumbuliwa bure.

Bibi tulimkalisha barazani kwetu. Hakuweza kushika kikombe cha maji, mama ndiye aliyemnywesha. Jioni mama alichinja jogoo, tukampelekea mzima mzima, na mchuzi wake.

Tulikaa jirani miaka mingi, mama na bibi wakataniana mpaka bibi alipofariki. Lakini tangu siku ile bibi alikuwa akipiga hodi akiwa bado barabarani, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. Wala hakumgusa tena mdogo wangu, mpaka mama mwenyewe amweke mapajani mwa bibi.